Soma ganda la karanga kabla hujalaumu mbolea

Karanga ikianza kudumaa kwa viraka, washtakiwa huwa walewale: mvua, mbolea, mbegu ya dukani, ugonjwa wa rozeti. Nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa ardhini, hutajwa mwisho, na wakitajwa hutajwa vibaya. Mtu anang'oa shina moja, anaona vivimbe kwenye mizizi, anatangaza "minyoo fundo" na kwenda dukani kuulizia dawa. Mara nyingi alichokiona ni vinundu vya bakteria wanaotengeneza nitrojeni, yaani kitu kilichokuwa kinalisha shamba lake bure.

Makala haya yanahusu kutambua tu: nematodi gani yupo, anakula sehemu gani ya mmea, na utamjuaje bila kubahatisha. Yanamfaa afisa ugani, mzalishaji wa mbegu, na mkulima yeyote mwenye lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Msimamo wetu ni kwamba kwenye karanga uchunguzi uanze na ganda. Nyanya na bamia tunazikagua kwenye mizizi kwa sababu ndiyo iliyo ardhini. Karanga hufukia na tunda lake pia. Ganda changa ni laini na lina maji, na kila nematodi anayelila huacha alama ya namna yake. Mzizi utakuambia kuna tatizo, lakini ganda ndilo linaloanza kukupa jina la mhusika.

Kufukua

Wakati mzuri ni wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna. Kwa aina za muda mfupi zinazokomaa kwa siku 90 hadi 100, hiyo ni kuanzia siku ya 75 hivi. Mapema zaidi ya hapo minyoo bado ni wachache na alama ni ndogo. Ukichelewa, kuvu wa kuozesha wanaingia kwenye kila jeraha na maganda yote yanakuwa meusi namna moja.

Usivute shina kwa mkono. Mizizi iliyoshambuliwa hukatika na kubaki ardhini, na vikonyo (vile vijiti vinavyobeba maganda) vilivyodhoofika huachia maganda hukohuko, kwa hiyo unabaki na sehemu yenye afya tu ya mmea na kuamini kwamba hakuna kitu. Ingiza jembe la uma sentimita 20 kutoka shinani, kina cha sentimita 25, inua bonge zima na uliloweke kwenye ndoo ya maji kwa dakika 10 hadi 15. Udongo utajiachia wenyewe. Kupiga mizizi kwenye mpini wa jembe, kama tulivyozoea, kunapukutisha vitu vyote unavyovitafuta. Kisha pekua shimo lenyewe kwa vidole, maana maganda yaliyobaki humo ni ushahidi.

Fukua mashina matano pembezoni mwa kiraka na matano mengine kwenye sehemu yenye afya. Usichukue katikati ya kiraka ambako mimea imekauka: nematodi hawa wanakula tishu hai, na mzizi ukishakufa idadi yao hushuka. Sampuli nyingi zinazorudi kutoka maabara zikiwa "safi" zilichukuliwa katikati ya kiraka.

Alama za kwenye ganda

Osha maganda na uyatandaze juu ya kitambaa cheupe kwenye kivuli.

Vivimbe kama chunjua, vya kijani au kahawia, vilivyo sehemu ya ganda lenyewe na kwenye vikonyo pia, ni kazi ya minyoo fundo, na wa kwanza kushukiwa ni Meloidogyne arenaria. Huyu ndiye adui mkubwa wa karanga kusini mwa Marekani, katika majimbo ya Georgia, Alabama, Florida na Texas. Ndugu yake M. hapla, anayependa maeneo ya baridi, hufanya mafundo madogo zaidi, na kwenye ganda si mengi. Kuna suala lingine hapa ambalo wanunuzi wa karanga wangelijali kama wangelijua: majaribio ya Georgia yameonyesha kwamba maganda yenye mafundo yakikutana na ukame wakati punje zinajaa yanaweza kuongeza sumukuvu. Mahali ambapo sumukuvu ni tatizo la kila msimu, kukagua minyoo ni sehemu ya kazi hiyo.

Madoa bila uvimbe yana mhusika mwingine. Pratylenchus brachyurus, nematodi wa vidonda, huanza na vitone vya rangi ya maziwa ya chai. Vinakua hadi kuwa kahawia iliyoiva au nyeusi, na ukingo wake haukatiki wazi: rangi inafifia polepole kuingia kwenye sehemu isiyo na kidonda. Doa la kuvu wa Rhizoctonia huwa na ukingo ulio wazi zaidi na sehemu iliyozama, ingawa wote wawili wakiishi kwenye ganda moja macho peke yake hayatoshi. P. brachyurus huishi ndani ya ukuta wa ganda, tena kwa wingi, na huwa hagusi punje. Hasara yake kubwa iko kwenye kikonyo, ambacho hudhoofika na kukatika wakati wa kung'oa. Kama shamba lina majani mazuri lakini maganda mengi yanabaki ardhini, anza na huyu.

Ukiona weusi unaoanzia hasa pale kikonyo kinapoungana na ganda, ukatambaa kufuata mishipa ya ganda kwa urefu, umefika kwa Ditylenchus africanus. Aligunduliwa kwenye karanga Afrika Kusini mwaka 1987, akadhaniwa kuwa D. destructor anayejulikana kwenye viazi, hadi 1995 alipotenganishwa na kupewa jina lake. Pasua ganda: punje imesinyaa, ngozi yake ina mishipa iliyokolea, na ukitenganisha nusu mbili za punje kiini cha mche kina rangi ya kijani cha zeituni au kahawia badala ya weupe. Ubaya wa huyu ni kwamba juu ya ardhi haonekani kabisa. Majani ni ya kijani, mimea ina kimo chake, na mwenye shamba anagundua siku ya kupanga madaraja.

Wapo wengine wenye makao yao maalumu. Aphelenchoides arachidis, aliyeelezwa mwaka 1977 kutoka kaskazini mwa Nigeria, anaishi kwenye ngozi ya punje: ganda linaweza kuwa safi, lakini punje mbichi iliyotolewa sasa hivi ina ngozi iliyolowa, ya kahawia hafifu, yenye mishipa iliyokolea. Kule Andhra Pradesh, India, msimu wa 1975 na 1976 ulileta ugonjwa uliopewa jina la mji wa Kalahasti: mimea mifupi, vidonda vya kahawia na njano kwenye vikonyo na maganda machanga, kisha ganda zima jeusi na dogo. Mhusika alikuwa Tylenchorhynchus brevilineatus. Na kwenye mchanga mtupu wa pwani ya mashariki ya Marekani yupo Belonolaimus longicaudatus, mkubwa kiasi cha kufikia milimita 2 hadi 3, anayekula ncha za mizizi hadi zinabaki vigutu.

Vitu viwili hudanganya sana kwenye ganda. Mchwa na viwavi wa ardhini hukwaruza, lakini mkwaruzo unaacha nyuzi za ganda wazi na unahisiwa kwa kucha. Upungufu wa kalsiamu huacha ganda zuri kwa nje lakini tupu ndani, au punje yenye kiini cheusi. Hiki cha mwisho kinafanana na D. africanus, kwa hiyo angalia msingi wa ganda pia: kalsiamu haileti weusi unaoanzia kwenye kikonyo.

Mzizi: fundo na kinundu

Kinundu cha bakteria kimekaa ubavuni mwa mzizi. Kisukume kwa ukucha wa kidole gumba na kitatoka kizima, mzizi ukabaki umenyooka. Kikate: ndani ni chekundu au cha waridi kama kinafanya kazi, kijani au kijivu kama kimezeeka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halitoki bila kuvunja mzizi, na ndani ni jeupe. Likate taratibu kwa wembe mpya na ulitazame kwa lenzi: utaona vitone vyeupe vinavyong'aa, chini ya milimita moja, ambavyo ni majike waliokomaa. Kwa nje kunaweza kuwa na ute wa rangi ya kahawia wenye mamia ya mayai.

Mafundo ya M. hapla hutoa vijizizi vingi vya pembeni, kiasi kwamba mfumo mzima wa mizizi unakuwa kichaka kifupi. Ya M. arenaria ni makubwa zaidi na hupangana kwenye mzizi mmoja.

Kuna nematodi wasioacha fundo wala doa la kueleweka. Scutellonema cavenessi wa Senegal na nchi jirani za Saheli huacha mimea ya manjano yenye mizizi michache na vinundu vichache, kwa kuwa anavuruga uhusiano wa karanga na bakteria wake. Mesocriconema ornatum, mwenye mwili wa pete nene, anahusishwa huko Georgia na umanjano wa karanga. Hawa hutawapata bila kupima udongo. Kwa hiyo mizizi isiyo na mafundo haimaanishi shamba halina nematodi, hata kidogo.

Minyoo wa nyanya si lazima awe wa karanga

Hapa ndipo ushauri mwingi unapopotea. Mkulima alilima nyanya mwaka jana, mizizi ikajaa mafundo. Mwaka huu ameweka karanga palepale, zimedumaa, na kila mtu anakubaliana kuwa ni minyoo ileile. Lakini Meloidogyne incognita, mmoja wa wale wanaosumbua nyanya zaidi katika nchi za joto, hazaliani kwenye karanga. M. javanica kwa kawaida naye hashindi karanga, ingawa kuna makundi yake machache yanayoweza, na yameripotiwa Misri na India miongoni mwa sehemu nyingine. Hata M. arenaria ana mbari mbili, yaani makundi mawili ndani ya spishi moja: mbari ya 1 inashambulia karanga, mbari ya 2 haiwezi.

Kwa hiyo shamba lenye mafundo mabaya kwenye nyanya linaweza kuwa shamba zuri kabisa la karanga. Wataalamu wa Marekani waliitumia karanga ya aina ya Florunner kama kipimo kwa sababu hiyo, pamoja na tumbaku, pamba, pilipili hoho, tikitimaji na nyanya, kutenganisha aina nne kuu za minyoo fundo. Kipimo hicho kinaweza kufanyika kwa vyungu vya plastiki nyuma ya nyumba, na tutakifikia.

Udongo: kuchukua sampuli

Kwa kila eneo lisilozidi hekta moja au mbili lenye udongo na historia moja, chukua vishimo 20 kwa mwendo wa kupindapinda, kina cha sentimita 20, karibu na mstari wa mimea ambako mizizi iko. Ondoa sentimita mbili za juu zilizokauka. Changanya kwenye ndoo kwa mikono, polepole. Chembe za mchanga zinazosuguana huua nematodi, na kuchanganya kwa koleo kama unaandaa zege kunaharibu idadi yote. Chukua nusu lita hadi lita moja, tia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipande vya mizizi, funga. Maganda yaende kwenye mfuko wake peke yake. Andika kwa penseli, lebo ikae nje ya mfuko au kati ya mifuko miwili. Karatasi iliyozamishwa kwenye udongo wenye unyevu haisomeki siku ya tatu.

Joto ndilo linaloharibu sampuli nyingi. Mfuko uliokaa saa moja kwenye boneti ya gari au juu ya bodaboda juani unafika maabara na nematodi waliokufa, na njia nyingi za kuwatoa zinategemea wawe hai. Weka kwenye boksi la kuhifadhi baridi, lakini barafu isigusane na mfuko. Nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi zinafaa. Usigandishe wala usikaushe. Hapo kuna jambo la kiangazi: S. cavenessi na D. africanus wanaweza kukauka na kulala, kisha wakaamka maji yakirudi. Udongo wa kiangazi ukipimwa moja kwa moja unaweza kutoa sifuri ya uongo, kwa hiyo uloanishwe kwa siku kadhaa kwanza.

Vituo vyenye wataalamu wa nematodi vipo: Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania) Arusha, KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la Kenya) na icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) Nairobi. Uliza kabla ya kutuma ni sampuli za aina gani wanapokea na siku gani, ili mfuko usikae wikiendi nzima kwenye ofisi ya basi.

Kuwatoa kwenye udongo

Njia ya sahani ndiyo nyepesi. Unahitaji sahani pana, chungio la plastiki linaloingia ndani yake, tishu mbili zilizopishana, na maji. Tandaza mililita 100 za udongo uliovunjwavunjwa juu ya tishu, unene usizidi sentimita moja. Mimina maji pembeni ya sahani, si juu ya udongo, hadi udongo uloe kutoka chini. Acha saa 24 hadi 48 mahali penye kivuli. Nematodi hai hupenya tishu na kuanguka kwenye maji. Inua chungio taratibu, mimina maji kwenye glasi ndefu, acha yatulie saa nne au zaidi, kisha nyonya maji ya juu kwa bomba la sindano ukibakiza mililita 20 za chini.

Ukiweka udongo mnene, hewa inaisha na minyoo wanafia ndani. Tishu ikitoboka, unapata matope. Maji yakikauka siku ya pili kwa joto, umeanza upya. Na hata ukifanya kila kitu sawa, njia hii inategemea mwendo: nematodi wa pete ni mzito, hatoki vizuri, na majike wa minyoo fundo hawatoki kabisa. Kwa wa pete maabara hutumia sukari na mashine ya kuzungusha. Gramu 454 za sukari zinayeyushwa kwenye maji hadi kufikia lita moja, nematodi wanaelea kwenye myeyusho huo na udongo unazama. Lazima wasuuzwe papo hapo kwenye chekeche la mikroni 25, maana wakikaa kwenye sukari wananyauka na hawatambuliki tena.

Kwa maganda na punje, njia ni rahisi mno kiasi kwamba watu hawaiamini. Kata vipande vidogo, ganda peke yake na punje peke yake, loweka kwenye maji ya kina kifupi kwa saa 24 kwenye joto la kawaida la nyumba, chuja, tazama. D. africanus anatoka hivyo kwa wingi, na ukikuta wengi kwenye punje na hakuna kitu kwenye udongo wa msimu wa mvua ulioisha, usishangae. Makao yake ni ganda.

Chini ya hadubini

Kosa la mwanzo ni kuhesabu kila kinachojinyonganyonga. Udongo wenye afya umejaa nematodi wanaokula bakteria, wepesi na wachangamfu, wasio na ubaya wowote. Kitu cha kutafuta ni sindano ya mdomoni. Asiye na sindano mwache apite. Wengine wakubwa wana jino refu lililochongwa mshazari kama kalamu ya unyoya, bila vifundo kwenye shina lake. Wengi wa hao nao si adui wa karanga.

Kuza mara 40 kuhesabu, mara 400 kutambua. Pasha tone la maji hadi kama nyuzi 60 ili watulie bila kuharibika. Jinsi kila mmoja anavyolala akifa ni dalili pia. Buu wa minyoo fundo ni mwembamba, kama milimita 0.4 hadi 0.5, hulala karibu amenyooka, na mkia wake una ncha inayopitisha mwanga. Pratylenchus ni mnene kwa urefu wake, kichwa bapa na cheusi, sindano fupi yenye nguvu ya mikroni 15 hadi 22, na uke uko nyuma sana, zaidi ya asilimia 80 ya urefu wa mwili. Ditylenchus ana sindano hafifu ya mikroni 7 hadi 11 ambayo bila mwanga mzuri inapotea kabisa. Huyu ndiye anayewekwa mara nyingi kwenye kundi la wasio na madhara. Aphelenchoides anafanana naye, ila balbu ya kooni ni kubwa, inajaza karibu upana wote wa mwili. Wa pete hana mfano, mara moja unamjua. Belonolaimus ana sindano inayopita mikroni 100.

Kwa M. arenaria idadi ndogo inatosha kuleta hasara. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mabuu 10 kwenye sentimita 100 za ujazo za udongo, karibu na mavuno, yanatosha kumfanya mshauri amzuie mkulima kurudia karanga pale. Kwa nematodi wa pete, idadi kama hiyo haimshtui mtu.

Kutaja spishi ya minyoo fundo kwa buu peke yake ni kubahatisha. Wanaojua hukata sehemu ya nyuma ya jike na kusoma mistari yake: M. javanica ana mistari miwili ya pembeni iliyo wazi, M. hapla ana vitone karibu na mkia, M. incognita ana tao la juu lililoinuka, M. arenaria ana tao fupi la mviringo lenye mabega. Hao wa mwisho hubadilikabadilika na kuzua ubishi, ndiyo maana maabara huongeza kipimo cha vimeng'enya vya esterasi, ambapo javanica hutoa mistari mitatu, hapla mmoja na arenaria kwa kawaida miwili. Vipimo vya DNA ni vya haraka zaidi. Lakini DNA ikikujibu "arenaria" haijakuambia mbari, na kwa mkulima wa karanga mbari ndiyo swali lenyewe.

Vyungu vya mazao manne

Jibu la mbari linatoka kwenye mmea. Changanya lita moja ya udongo unaoutilia shaka na lita moja ya mchanga uliopashwa moto hadi kuiva na kupoa. Andaa vyungu vitatu vya kila zao: nyanya, karanga, tikitimaji na pilipili hoho. Kwa hoho tafuta California Wonder. Kwa nyanya epuka mbegu yenye herufi N kwenye pakiti, kama VFN, kwa sababu ina ukinzani dhidi ya minyoo fundo na itakupa jibu la uongo. Tikitimaji la kawaida la Charleston Gray linafaa, na ndilo lililomo kwenye kipimo cha asili. Weka pia vyungu vya mchanga mtupu vya kulinganishia. Vyungu vyeusi visikae juani, udongo ukipita nyuzi 33 mtiririko mzima wa uzazi unavurugika.

Baada ya siku 50 hadi 60, fukua na uoshe. Loweka mizizi kwa dakika 15 kwenye rangi nyekundu ya chakula, sehemu moja ya rangi kwa sehemu nne za maji, kisha suuza. Ute wa mayai utashika rangi. Hesabu mayai, si mafundo tu: minyoo wanaweza kuingia mzizi, wakavimbisha kidogo, wakashindwa kuzaa, na hapo zao hilo si mwenyeji wao.

Mizizi ya nyanya ikiwa na mayai mekundu na ya karanga ikiwa safi, una incognita, javanica wa kawaida au arenaria mbari ya 2, na karanga yako imedumaa kwa sababu nyingine kabisa. Karanga ikiwa na mayai lakini tikitimaji safi, ni hapla. Karanga, tikitimaji na hoho zote zikiwa na mayai, ni arenaria mbari ya 1. Karanga na tikitimaji zina mayai lakini hoho haina: shuku lile kundi adimu la javanica, na hapo maabara ni lazima. Nyanya nayo ikiwa safi, kipimo chote hakifai. Ama udongo ulikufa njiani, ama mbegu ya nyanya ni kinzani.

Jina linabadilisha nini

Georgia hupokezanisha pamba na karanga, na inafanya kazi kwa sababu moja: arenaria hazaliani kwenye pamba, na incognita wa pamba hazaliani kwenye karanga. Ufuta nao umepunguza arenaria kwenye majaribio ya Alabama, jambo linalowahusu Lindi na Mtwara ambako ufuta na karanga vyote vinalimwa. Kwa hapla, mahindi yanatosha, kwani hapla hakui kwenye nafaka. Anajulikana kwenye pareto ya nyanda za juu za Kenya, kwa hiyo karanga za ubaridi zisifuate pareto. Lakini kama ni P. brachyurus, mahindi ni mwenyeji wake mzuri, na mzunguko uleule uliokuokoa kwa hapla unamnenepesha huyu. Mmea wa marejea (Crotalaria) husaidia kwa minyoo fundo wa nchi za joto na kwa P. brachyurus.

Aina kinzani zipo Marekani: COAN ya 1999, NemaTAM, Tifguard, zote zikibeba ukinzani uliotoka kwa karanga mwitu, Arachis cardenasii. Ukinzani huo ni wa minyoo fundo. Mbele ya Ditylenchus au Pratylenchus usiutegemee.

Kwa D. africanus, A. arachidis na P. brachyurus, gari linalowasafirisha ni ganda na punje. Mbegu ikaguliwe kwa kulowekwa, punje 50 zilizopasuliwa kutoka kila kundi la magunia, kabla haijapelekwa wilaya nyingine. Na maganda ya mashine ya kubangulia yasimwagwe shambani kama matandazo isipokuwa unajua yalikotoka. Yachomwe, au yaingie kwenye mboji inayopata joto kwelikweli.